Dawa Inayokula Taulo

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za duka la dawa hapa Butimba. Nikapewa keki, vitenge viwili na saa ya ukutani, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa ya nini. Ninyi wadogo zangu mliobaki dirishani mkanishika mkono mkaniambia, "Mama Leo, usiondoke na ujuzi, tuandikie." Basi nimekaa kuandika, na nimegundua kwamba nikitaka kusimulia kila dawa iliyopita mikononi mwangu nitazikwa kabla sijafika katikati ya kabati. Nitawasimulia moja tu.

Ni ile ya chunusi, benzoili peroksaidi, ambayo wateja wetu hawajawahi kuitaja kwa jina lake hata siku moja. Wao huja wakisema, "Nipe ile inayokula taulo." Dawa hiyo ilikaribia kuvunja harusi katika nyumba ninayoipenda kuliko nyumba zote za mji huu. Majina nimeyabadilisha, na wahusika nimewaomba ruhusa. Mmoja alicheka, mwingine alinuna kwanza ndipo akacheka.

Nianze na siku ya kwanza. Nilitoka Majita, kwetu ni watu wa mihogo na samaki, nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Aliyenipokea dukani ni Bi. Rukia, mama wa mjini hasa, ambaye ukoo wao umechanganya Wamanyema, Wanyamwezi na Mwarabu mmoja ambaye kila mjukuu anadai amerithi pua yake. Miwani aliifunga kwa kamba ya kiatu. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" huku ananikabidhi kigae cheupe, kijiko bapa, kopo la mafuta ya mgando na unga wa salfa, maana enzi zile dawa ya chunusi tuliichanganya wenyewe.

"Koroga mpaka nisione punje," akasema.

Nilikoroga hadi bega likaanza kulalamika. Akachukua kigae, akakiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, akaniambia, "Naona mchanga wa Majita." Nikarudia. Alipokuja kuridhika, nilikuwa nanuka yai viza kuanzia kichwani, na nilipofika nyumbani wapangaji wenzangu wakafungua madirisha yote bila kuulizana.

Bi. Rukia hakuwahi kunikalisha chini kunifundisha. Alifundisha kwa kufinya. Ukitaka kukosea, vidole vyake viwili vilikuwa vimeshafika kwenye nyama ya mkono wako kabla hujamaliza sentensi. Somo la kwanza lilikuwa hili: mwenye chunusi usimuulize anataka nini, muulize ameshajipaka nini. Hakuna mtu aliyewahi kuja kwetu na uso mtupu. Wote wameshapita kwenye dawa ya meno, ndimu, majivu, sabuni ya kufulia, na ule mkorogo wa krimu za kujichubua ambao kila mtaa una bingwa wake. Ukimpa mtu dawa juu ya madudu hayo yote, uso ukiungua atasema umemuunguza wewe.

Somo la pili nililipata sokoni. Tulikuwa tunachagua nyanya, akapita mwalimu ambaye asubuhi yake tulikuwa tumempa dawa ya fangasi, tena si ya miguuni. Nikafungua mdomo nimsalimie kwa furaha yangu yote ya kijijini. Vidole vikafika.

"Mteja ukimkuta nje ya dirisha, humjui," Bi. Rukia akaninong'oneza. "Subiri akusalimie yeye kwanza. Akikusalimia, muitikie. Akikupita, hukumwona."

"Na akiwa jirani yangu?"

"Jirani yako msalimie habari za nyumbani. Habari za dirishani ni mpaka azitaje mwenyewe."

Sheria hiyo haijaandikwa mahali popote, lakini nimeishika kuliko amri nyingine nilizofundishwa kanisani. Ninyi vijana mnaopiga kelele, "Dada, ile dawa ya minyoo ilikusaidia?" kutoka ng'ambo ya barabara, mjue nawasikia hata huku nilikostaafu.

Miaka ikapita, salfa ikaanza kupotea, tubu za benzoili zikaja. Niwaeleze kazi yake kwa lugha niliyotumia dirishani. Kitundu cha kinyweleo kimezibwa na mafuta na ngozi iliyokufa, na humo ndani bakteria wanakula na kunywa kama wako kwenye karamu ya ubarikio. Wanapenda mahali pasipo hewa. Dawa hii inawapelekea oksijeni, nao karamu inawashinda, na papo hapo inabandua kile kizibo cha juu. Uzuri wake ni kwamba bakteria hawawezi kuizoea jinsi wanavyozoea antibiotiki, ndiyo maana daktari akiandika antibiotiki ya chunusi, mara nyingi huandika na hii iende nayo.

Ubaya wake ni wanadamu. Mwanachuo wa ualimu amekaa na chunusi tangu kidato cha pili, lakini akinunua tubu Jumatano anataka Ijumaa awe amepona. Nilikuwa nawaambia: wiki nne mpaka sita ndipo utaanza kuona, na usikate tamaa kabla ya hapo. Anza na nguvu ndogo, asilimia mbili na nusu au tano. Ile ya asilimia kumi haiponyi haraka zaidi, inachoma haraka zaidi. Osha uso kwa sabuni laini, uache ukauke, kisha paka kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, mara moja jioni, na mwanzoni paka siku moja uruke moja. Kaa mbali na macho, midomo na mahali palipochubuka. Ngozi itakauka na kubanduka kidogo, paka mafuta mepesi yasiyoziba vitundu. Juani jikinge. Tubu isikae kwenye joto, na hasa isiachwe kwenye dashibodi ya gari. Uso ukivimba au pumzi ikabana, hilo si la dukani tena, kimbia hospitali. Nayasema haya kwa pumzi moja mpaka leo. Mume wangu anasema huwa nayasema hata usingizini.

Fundi mmoja wa kunyoosha mabodi ya magari, karibu na stendi ya Nyegezi, alikuja siku moja na katubu kake ka kugandishia pati, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi. Alikuwa amesoma maandishi ya pembeni akakuta jina lile lile la dawa ninayouza. Na ni kweli, kemikali ni hiyo hiyo.

"Sasa dada, si nipake tu hii ya gereji?" akaniuliza. "Chunusi zangu zenyewe ni sugu."

Nikamwambia ile ya gereji ni kali mno, tena ina mambo mengine ndani yasiyojua kama wewe ni mtu au bampa. "Ukipaka hiyo, chunusi haitapona. Itanyooshwa, isuguliwe msasa, isubiri rangi." Akanunua ya asilimia mbili na nusu, na akawa mmoja wa wateja wangu watiifu kuliko wote. Mafundi hufuata maelekezo, kwa sababu wanajua kitu kikiharibika nani atalaumiwa.

Lakini sifa kubwa ya dawa hii mtaani ni ile ya kula rangi. Taulo la bluu likifuta uso uliopakwa, linatoka na madoa ya njano au chungwa yasiyofulika. Foronya nayo vivyo hivyo, kola, mtandio, mpaka nywele za pembeni ya uso. Kwa hiyo nilimalizia kila maelezo kwa kusema, "Tumia taulo jeupe na foronya nyeupe." Sitawaficha, jambo hili lilinipa raha kubwa. Nilijua nani anatumia bila kuambiwa. Kulikuwa na mkufunzi mkali aliyekuwa akiwaambia wanafunzi kwamba chunusi ni uvivu wa kuoga. Siku moja alikuja kununua panado, na kola ya shati lake la samawati ilikuwa imeliwa pande zote mbili. Nikaitazama kola, naye akanitazama mimi, tukaongea habari za mvua.

Sasa nije kwenye harusi.

Bi. Rukia alikuwa ameshastaafu zamani, anakaa Mkolani na bintiye Mwajuma na mjukuu wake Zaituni. Mtoto huyo nilimbeba mgongoni tangu hajaota meno. Alipokuwa msichana akatoka chunusi kubwa, zile za kuuma, na akawa mtu wa kuinamisha kichwa. Nilimwanzishia benzoili mwenyewe, taratibu, naye akaifuata bila kukosa, ila taulo lake jeusi hakulibadilisha. Uso ukatulia. Kichwa kikainuka. Kichwa kilipoinuka tu, kijana mmoja wa Sengerema, mpole, mwalimu wa hesabu, akakiona. Posa ikaja, ikapokelewa, tarehe ikapangwa. Mwajuma, shangazi yake aliyemlea baada ya mama yake kufariki, akawa mwenyekiti wa kila kitu.

Karibu mwezi mmoja kabla ya harusi alikuja dirishani mama mmoja amevaa miwani ya jua na mtandio uliofunika mpaka kidevuni. Mkononi alikuwa na pete ya dhahabu pana kama kifuniko cha soda.

"Nipe ile inayokula taulo," akasema. "Kali kuliko zote."

"Ni ya nani, mama?"

"Ya binti wa kazi."

"Ameshajipaka nini?"

"Hajapaka kitu. Mtoto wa watu tu."

Nikatoa tubu ya asilimia mbili na nusu nikaanza, "Mwambie aoshe uso, apake kiasi cha punje ya..."

"Nimeelewa, nimeelewa."

"...mbaazi, mara moja..."

"Nimeelewa, nimeelewa," akasema, na mguu mmoja ulikuwa umeshashuka ngazi. Baada ya wiki akarudi kutaka nyingine. Binti wa kazi kaimaliza. Nikamwambia tubu ile kwa mtu mmoja inatakiwa kukaa zaidi ya mwezi, labda kama binti wa kazi anaipaka kwenye mkate. Nikakataa kumuuzia, nikamwambia amlete huyo binti nimwone. Hakurudi tena, na mimi sikumfikiria tena, maana maduka ya dawa ni mengi na miwani ya jua ni mingi.

Wiki mbili kabla ya harusi, Bi. Rukia akanipigia simu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kigae na kijiko.

"Leo wangu, njoo. Mtoto ameungua uso."

Nilifika Mkolani. Zaituni alikuwa ameshawekwa ndani kama mwali, na Mwajuma alikuwa akimsugua singo kila siku, ule msuguo wa mchele, manjano na maua unaowang'arisha mabibi harusi. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu, umevimba kidogo mashavuni, unabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Machozi yakimshuka yalimchoma, kwa hiyo alikuwa amejizuia hata kulia. Niliumia. Niliona kichwa kile tulichokiinua kwa miezi mingi kimeinama tena.

"Umempaka nini?" nikamuuliza Mwajuma.

"Singo tu, dada Leo."

"Singo na nini?"

"Na ndimu kidogo."

"Na nini?"

Mwajuma akatazama dari. "Na ile dawa yako. Tubu nzima. Dada Leo, mimi nimeliona taulo la huyu mtoto kwa macho yangu! Lilikuwa jeusi ti, limepauka karibu jeupe. Nikasema kama inang'arisha taulo hivi, ngozi je? Si atakuwa tarumbeta?"

Sijui alimaanisha nini kwa tarumbeta, na sikuuliza. Nilimweleza kwamba rangi ya taulo ni ya kiwandani, imepakwa tu juu ya uzi, na rangi ya mtu inatengenezwa ndani ya ngozi hai. Dawa hii haimng'arishi mtu. Ikimchoma sana itamwachia madoa meusi zaidi ya aliyokuwa nayo. Mwajuma akakaa chini akaanza kulia yeye, kwa sauti, kwa niaba ya mpwa wake. Bi. Rukia akanyoosha mkono gizani mwake, akaupata mkono wa bintiye bila kukosea, akaufinya. Miaka yote aliyokaa dirishani akiwaonya watu wa mji mzima, na bakuli la singo likachanganywa chumba cha pili. Kweli mganga hajigangi.

Nikaamuru singo ikome, ndimu ikome, dawa ikome. Maji ya vuguvugu tu, mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kivuli, na mikono mbali na uso. Pumzi yake ilikuwa sawa na macho hayajavimba, kwa hiyo hatukwenda hospitali siku hiyo, ila nilimwambia dalili za kukimbia. Ngozi ile ingetulia. Nilichohofia ni watu.

Na watu hawakukawia. Wifi mtarajiwa alipiga simu ya video kumsalimia bibi harusi, mtoto akajisahau akapokea. Kesho yake asubuhi Mwajuma akanipigia ananong'ona kutoka jikoni: mama mkwe, Bi. Shamsa, yuko njiani kuja kuona kwa macho yake. Zamani mtu wa Sengerema, ng'ambo ya Busisi, akitaka kuja kuvunja uchumba ilibidi asubiri kivuko, na kwenye foleni hasira ilipata nafasi ya kupoa, akala samaki wa kukaanga, akafika mtu mwingine. Siku hizi kuna daraja. Hasira inafika ikiwa bado ya moto.

Nilipoingia sebuleni alikuwa ameshaketi. Bi. Shamsa ni mfanyabiashara wa vitenge na mitandio, mwanamke mwenye kauli, na ndiye aliyechagua sare ya harusi: rangi ya damu ya mzee, akinamama wote, pande zote mbili. Siku hiyo alikuja na mtandio wa rangi hiyo hiyo, ameuvuta mpaka kidevuni. Zaituni alikuwa mkekani miguuni pa bibi yake, uso umeinama.

"Mimi sina ubaya na mtu," Bi. Shamsa akawa anasema. "Lakini mwanangu alichumbia msichana mwenye uso wake. Huu sasa sijui ni maradhi gani, sijui ya kurithi. Naona tusogeze mbele harusi, tutazame."

Kila mtu pale alijua kwamba kusogeza mbele ni jina la adabu la kuvunja.

"Bi. Shamsa," Mwajuma akaingilia, ili tu kitu kisemwe, "na sare yenyewe mbona mtandio wako umechuja?"

"Wameniuzia kitu kibovu," akasema kwa ukali, akiuvuta. "Rangi za kiwandani siku hizi hazina uaminifu. Hata vitenge dukani, ninavyovishika mimi ndivyo vinavyotoka madoa."

Mkono ulipovuta mtandio niliiona pete, pana kama kifuniko cha soda. Kisha nikauona mtandio. Damu ya mzee yote, isipokuwa mstari wa chungwa uliofuata taya lake kutoka sikio hadi sikio, na mwingine juu ya paji la uso.

Wadogo zangu, nilitamani kucheka mpaka mbavu zikaniuma. Kwa neno moja ningeweza kumuumbua yeye na kuiokoa harusi ya mtoto. Lakini mama yule hakuwa amenisalimia habari za dirishani. Nilikuwa simjui.

Nikamgeukia Zaituni. "Mwanangu," nikasema kwa sauti ya kufundishia, "haya si maradhi. Ni dawa nzuri iliyotumiwa vibaya, na anayeitumia vibaya wala si mjinga, kadanganywa na taulo. Ngozi itatulia wiki ijayo. Ukipona utaianza tena kidogo kidogo, kiasi cha punje ya mbaazi. Ila uangalie nguo zako. Dawa hii inakula rangi. Ukivaa mtandio wa rangi inaula hapa..." nikapitisha kidole kwenye taya langu, polepole, kutoka sikio hadi sikio, "...na hapa," nikapitisha kwenye paji la uso. "Mtu asiyejua atadhani kitambaa ni kibovu. Atagombana na wenye kiwanda bure. Na kama ni mtu wa kushikashika vitambaa, basi na..."

"Nimeelewa, nimeelewa," akasema Bi. Shamsa.

Mwajuma akaanza kuugeuza uso wake taratibu kuelekea kwenye mtandio, akikunja jicho, na akili yake niliiona inapanda ngazi.

"Mwajuma," nikasema, "hebu tuletee maji ya kunywa. Mgeni ana kiu."

"Lakini dada, yule..."

"Maji, Mwajuma."

Alipotoka nikaaga. Sikuwa na la kuongeza. Bi. Shamsa akasimama. "Ngoja nikusindikize," akasema, "na mimi ninyooshe miguu." Akanisindikiza, mgeni anamsindikiza mgeni, mpaka kwenye geti. Pale akauondoa mtandio usoni. Mashavu yake yalikuwa yamebanduka kama ya Zaituni, na kwenye kidevu madoa meusi yameanza.

"Inauma," akasema kwa sauti ndogo. "Nikioga nalia."

"Nani alikwambia inang'arisha?"

"Mwajuma aliweka picha ya taulo kwenye kundi letu la sare. Akaandika, 'Oneni taulo, je ngozi?' Mimi ni mtu wa vitambaa, nikasema hicho ni kipimo." Akajifuta pua. "Nilitaka nitokelezee kwenye picha, dada. Mwanangu wa kiume wa pekee anaoa. Nilipomwona huyu mtoto kwenye simu nikaogopa, maana niliuona uso wangu. Nikasema nikikaa karibu naye ukumbini watu watatutazama wote wawili, watajua."

Nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Hata hivyo tabia haina dawa, nikamuuliza, "Na yule binti wa kazi anaendeleaje?"

Akacheka, akashika shavu kwa maumivu, akacheka tena. Nikampa maelekezo yale yale niliyompa Zaituni, na safari hii hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwenye punje ya mbaazi aliuliza ya mbaazi mbichi au kavu, nikajua amepona.

Aliporudi ndani, mimi sikuwepo. Mwajuma ndiye aliyenisimulia kwamba alikaa mkekani, si kwenye kochi, akamshika Zaituni kidevu akamwinua kichwa, akasema harusi iko pale pale na tarehe ni ile ile, na atakayesema neno juu ya uso wa mkwe wake atalisemea nje ya ukumbi. Hakuna aliyejua kilichombadilisha.

Siku ya harusi Zaituni alikuwa na chunusi mbili kwenye paji la uso na kijidoa shavuni. Mpambaji alitaka kuvisugua, Bi. Rukia akauliza mkono wa mpambaji uko wapi, aufinye. Mtoto aliingia ukumbini kichwa juu. Nililia, na sijali nani aliona.

Kisha upande wa bwana harusi ukaingia kwa vigelegele, akinamama wote damu ya mzee kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mbele yao Bi. Shamsa, aliyechagua rangi hiyo mwenyewe, amevaa nyeupe tupu. Gauni jeupe, mtandio mweupe, hata leso ya mkononi nyeupe. Minong'ono ikatembea meza hadi meza. Mimi nilikuwa nimekaa na Bi. Rukia. Nikatazama sahani yangu kama mtu asiyemjua, ndivyo nilivyofundwa.

Akapita meza ya kwanza, akapita ya pili. Mbele yetu akasimama, na vigelegele vikasimama naye.

"Dada Leo," akasema kwa sauti ya kuuzia vitenge, ukumbi mzima usikie, "habari za dirishani?"

Vidole viwili vya Bi. Rukia vikaja kwenye mkono wangu, lakini safari hii havikufinya.

"Nzuri, mama," nikaitikia. "Mataulo hayajambo?"

"Hayajambo," akasema Bi. Shamsa. "Yote meupe."